Nyumba Aliyoitwaa Anton Lugembe

Nimewaona askari wa nchi nyingi wakibomoa nyumba za watu. Wengine walicheka, wengine walitazama pembeni, na wote walisema wametumwa. Anton Lugembe, mzaliwa wa Lusu aliyestaafu upolisi Tabora, naye alitumwa.

Aliingia polisi miaka michache kabla ya uhuru. Bendera ilipobadilika, alibadilisha beji ya kofia, akaendelea na lindo. Yeye na mkewe Getruda walizaa watoto sita, na wote aliwafundisha kupiga pasi kabla hawajajua kusoma. Ujamaa aliupenda kwa dhati. Siku za mapumziko alilima shamba la kijiji, na waliokwepa jembe aliwasema mbele ya wake zao.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alipelekwa Uyui akiwa sajenti, pamoja na lori na askari wawili. Kazi yao ilikuwa kuwahamisha waliochelewa na kuezua nyumba zao ili wasirudi. Msimamizi alikuwa Bwana Marko, kijana mgeni mkoani. Karibu na reli wakafika kwa Bi Mwamvita, Mzaramo, mjane wa fundi wa reli. Mumewe alikuwa amezikwa wiki chache tu, naye yumo edani. Dini yake ilimtaka akae katika nyumba ya marehemu mpaka eda iishe.

"Ezua," Marko aliagiza.

Lugembe alibisha hodi.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mtani wako."

"Mnyamwezi? Sina mzigo wa kukubebesha leo. Pita."

Wanyamwezi na Wazaramo wamekuwa wakitaniana hivyo tangu misafara ya Bagamoyo, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi. Mtani akishika kitu chako na kusema ni chake, huna haki ya kukasirika, wala mwingine hana haki ya kukigusa.

"Sikuja kubeba, nimekuja kutwaa," Lugembe alisema. "Nyumba hii ni yangu kuanzia sasa. Mzaramo wa nini na nyumba? Anajua kucheza ngoma tu."

Mama yule akacheka, kwa mara ya kwanza tangu azike.

"Haya, twaa. Lakini na mimi nimo humu. Utanilisha."

"Nitakulisha ugali wa mtama mpaka uote sharubu."

Akavua kofia ya polisi, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni, akaketi barazani.

"Sajenti, unafanya nini?" Marko aliuliza.

"Nimekaa kwangu."

"Huu si wakati wa utani."

"Kwani huko kwenu hamna watani, bwana?"

"Tunao."

"Basi unajua. Amri yako ni kuezua nyumba ya mwananchi aliyekataa kuhama. Huyu hana nyumba tena. Nyumba ni ya askari, na kofia yake ile pale. Iguse."

Marko hakuigusa. "Nitakushitaki."

"Nishitaki. Mama huyu atahama, mimi mwenyewe nitamhamisha. Ila hatoki mpaka eda iishe."

Lori likaondoka bila bati hata moja la nyumba ile. Lugembe alirudi mjini kwa miguu.

Wakubwa wake walimvua tepe zote tatu. Getruda alilipokea shati, akalipiga pasi mikono yake ikiwa haina tepe. "Sasa litakuwa jepesi kufua," alisema. Familia ikatolewa kwenye nyumba ya masajenti, ikapewa chumba kimoja. Minza, binti yao mkubwa, alilala chini ya meza mwaka mzima. Yeye hapambi habari hii: "Tulimchukia baba kidogo. Shuleni walituita watoto wa mtani."

Kila Jumapili baada ya misa Lugembe alipanda baiskeli na kwenda kuweka unga mlangoni mwa Bi Mwamvita, akitukana Uzaramo wote kwa sauti ili majirani wasikie kwamba nyumba bado ni yake. Eda ilipoisha, mama alioga, akatoka, akamtuma mtu mjini: mwambieni Mnyamwezi aje aondoe takataka zake. Lugembe akaja, akaezua mwenyewe, taratibu, akinyoosha kila msumari. Akaijenga upya nyumba hiyo katika kijiji kipya.

Baadaye aliambiwa tepe zitarudi kama atakiri kwamba alikosea. Akajibu kuwa atakiri siku Bi Mwamvita naye atakapokiri kwamba alikosea kufiwa. Hazikurudi. Alistaafu konstebo.

Alipofariki, mmoja wa waombolezaji alianza kusoma wasifu kwa heshima: "Marehemu Sajenti Lugembe..."

Getruda alimkatiza akiwa amekaa mkekani. "Soma konstebo. Usajenti walimpa wao. Ukonstebo aliutafuta mwenyewe."

Msomaji akarudia kuanzia mwanzo.