Upana wa Kitanda

Balozi wa nyumba kumi hana mshahara, ana lawama tu. Modesta alizibeba lawama hizo mlimani Igogo tangu enzi za chama kimoja, na jambo aliloling'ang'ania kuliko yote ni njia. Kila aliyetoka Misungwi kuja kujibanza kwenye miamba ile, Modesta alimsimamia msingi wake: jenga, mwanangu, ila acha upana wa watu wanne waliobeba kitanda. Hapo habembelezi mtu. Mumewe, Luhaga, alipofariki, kwa kukosa njia maiti yake ilipitishwa juu ya kuta mkono kwa mkono, kama gunia, na watoto wake wanatazama. Uchungu ule haukumtoka.

Basi vyama vingi vikaja, na mwaka tisini na nne mitaa ikachagua wenyeviti wake badala ya mabalozi. Modesta hakugombea. Mwenyekiti mpya alikuwa kijana mzuri tu, mwenye mikutano mingi, ila habari za vichochoro hakuwa nazo. Watu wakajenga watakavyo. Ndipo Nkwabi, muuza dagaa wa jirani, akaanza chumba cha kupangisha, na mawe ya msingi yakala nusu ya njia.

"Nkwabi, mwanangu, njia hiyo."

"Shikamoo, mama," alijibu kwa adabu, mwiko mkononi. "Lakini ubalozi si umekwisha?"

Umekwisha kweli. Mama wa watu akarudi ndani akalia. Tusidanganyane, cheo hata kiwe kidogo vipi, kikiondoka kinauma. Lakini Modesta naye si mtu wa kulia kutwa.

Kesho yake asubuhi aliwaita Dorotea, Kashindye na jirani mwingine, wakabeba naye kitanda chake mpaka kwenye msingi ule. Kikakwama kwenye mawe. Modesta akapanda, akajinyoosha chali, akajifunika kitenge hadi kidevuni. Kashindye alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nkwabi hakucheka. "Mama, unafanya nini?"

"Najaribu. Nataka kujua siku yangu ikifika mtanipitisha wapi. Maana utakayenibeba ni wewe, nani mwingine?"

Nkwabi alimtazama mama huyu aliyempokea mjini akiwa hana hata mkeka wa kulalia. Akaweka mwiko chini, akachukua mtaimbo.

"Basi shuka, mama, nibomoe."

"Bomoa tu," alisema Modesta, akafumba macho. "Mimi nimeshalala."

Akabomoa pole pole, jiwe moja moja, asije akamrushia mama vumbi.