Fundi wa Ibra na maneno yaliyokataa kufutika

Saa nane mchana, Agosti 2003, Khelef Sleyum anapanda kwenye paa la nyumba yake mjini Ibra, Omani. Jamvini zimeanikwa tende zilizokwisha kuchemshwa. Kando yake ipo sinia ya chipu za kumbukumbu za kompyuta.

Kila chipu ina kidirisha kidogo cha kioo. Jua likipenya humo wiki nzima au zaidi, hufuta kila kilichoandikwa. Ipo taa ya kufanya kazi hiyo kwa nusu saa, lakini taa hununuliwa, na jua la mkoa huu wa Sharqiya halijawahi kumpungukia mtu.

Khelef, 41, ni fundi wa redio na televisheni. Ndani ya makopo ya halua huunda kifaa cha kusomea na kuandikia chipu za kompyuta za zamani. Vya dukani vinapita riyali mia. Chake ni riyali tisa. Wapenzi wa mashine hizo kutoka Nizwa na Sur wameshachukua thelathini na kimoja. Mkewe, Shukriya, anasema ni kazi ya mwendawazimu kwa wendawazimu wenziwe.

Mwezi uliopita Bi Turkiya, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Unguja, alimletea kompyuta ya marehemu kaka yake, Ghanim. Ghanim alikufa kwa ajali ya gari akirudi kutoka Sur, Ramadhani ya 1991, muda mchache kabla ya magharibi. Tangu hapo, kila Ramadhani, dada mtu huiwasha adhana inapolia, na kioo cha kompyuta huandika: "Turkiya, umeshafuturu?" Alihofia mashine itaharibika, akataka nakala.

Khelef akafanya kosa linalomtesa mpaka leo. Alibandua karatasi iliyoziba kidirisha cha chipu yenye salamu hiyo ili asome namba yake, simu ikalia, akaiweka chipu kwenye sinia ya paani. Ikakaa juani siku kumi na moja.

"Nlipoisoma, tupu. Wallahi nlitamani nihame mji," anasema. "Nkamwendea, nkamwambia kweli. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, 'Sasa nani ataniuliza?'"

Chipu iliyofifia wakati mwingine husomeka kwa umeme mdogo, kwa hiyo Khelef akaupunguza. Likatokea jina la Turkiya, lenye mapengo. Akapunguza tena, salamu nzima ikarudi. Mara ya tatu ukatokea chini yake mstari ambao Bi Turkiya hajapata kuuona miaka yote kumi na miwili: "Usinisubiri."

Mwandishi wa makala haya aliuona kwa macho yake, na hakuona haya kurudi nyuma hatua mbili.

"Ghanim aliuandika, ila hakuweka amri ya kuuonesha. Hilo nalifahamu," anasema Khelef. "Lakini ulitokea pale tu umeme ulipokaribia kwisha."

Bi Turkiya aliposomewa, aliyakumbuka ya 1991. Siku ile ya ajali hakugusa futari mpaka habari ilipomfikia, saa tatu za usiku.

Ramadhani haijafika, na Khelef anakusudia kumwandikia chipu mpya yenye mistari yote miwili. Bi Turkiya ameomba jambo moja zaidi: pahala pa yeye kujibu.

"Mwanangu, niwekee nafasi ndogo tu," alimwambia. "Nataka ajue kwamba nlimsubiri."