Kauli ya Kutendwa

Katika ofisi ya magari ya halmashauri walimwita Muhuri, na mwenyewe aliitika. Jina alipewa na madereva. Walisema huyu dada hata chafya ikimjia, huiambia isubiri kibali. Alicheka nao, kisha akawadai karatasi ya safari, maana karatasi isiyo na sahihi kwake ilikuwa ya kufutia kioo tu. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna gari lililotoka getini bila yeye kujua linakwenda wapi, limebeba nini na litarudi saa ngapi. Wakubwa walimpendea hilo.

Ijumaa moja, saa nane mchana, simu ya mezani ililia. Muuguzi wa zahanati ya mbali alisema ana mjamzito anatokwa na damu, anahitaji gari la wagonjwa haraka. Muhuri alimjibu kama alivyowajibu wote: waraka mpya unasema gari likivuka kilomita arobaini lazima mkurugenzi asaini. Mkurugenzi alikuwa semina, simu kaizima. Dereva alishakaa kwenye usukani, injini inanguruma, anamtazama Muhuri dirishani.

"Dada, niende?"

"Subiri kidogo. Namtafuta."

Alimtafuta kwa saa moja na dakika ishirini bila kumpata. Hakuuliza jina la mgonjwa. Fomu haikuwa na nafasi ya jina, ilikuwa na nafasi ya umbali.

Mgonjwa alikuwa mdogo wake, aliyekuwa amekwenda kwa wakwe zake kupumzika mpaka siku zake zitimie. Mtoto alipona. Mama yake hakupona.

Msibani hakuna aliyeuliza gari lilikuwa wapi, au kama waliuliza, hawakumuuliza yeye. Dereva alihamishwa kituo. Muhuri alilimeza lile jambo likamkaa kifuani, akarudi kazini wiki iliyofuata, akagonga mihuri kama kawaida. Mtoto, wa kike, alilelewa na bibi yake katika nyumba ileile aliyoishi Muhuri. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alikuja kila Jumapili na viatu au sabuni, akikaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni. Mtoto alimwita Muhuri mama mkubwa, akalala kitandani kwake, miguu juu ya tumbo lake.

Mtoto alipotimiza miaka mitano, Muhuri akaanza kuomba vyuo. Alitaka shahada ya uzamili ya sera za umma. Alipoulizwa kwa nini, alisema ni kwa ajili ya kupanda cheo. Ukweli ni kwamba alitaka kujua waraka kama ule huandikwa na nani, akiwa amekaa wapi, na akiuandika anamfikiria nani.

Aliomba vyuo vitatu. Kila kimoja kilitaka vyeti, barua za mapendekezo na insha. Bosi wake alimwambia, "Barua andika mwenyewe, mimi nitasaini." Muhuri akajisifu kwa aya mbili, akaona haya, akafuta moja. Insha ndiyo iliyomtoa jasho. Swali lilikuwa moja kwa vyuo vyote: kwa nini unataka kusoma sera za umma? Mara nne alijaza kurasa maneno ya mikutanoni, maendeleo endelevu na utawala bora, na kila alipoyasoma upya yalikuwa yameshakufa. Mara ya tano aliandika juu ya mdogo wake. Sentensi zilimtoka zenyewe. Alilia huku anachapa, na huku analia akagundua kwamba insha ni nzuri. Hilo lilimtia aibu, lakini aliituma.

Vyuo vyote vitatu vikamkubali.

Cha kwanza kilikuwa ng'ambo: miaka miwili, ufadhili kamili, na barua iliyosema insha yake iliwaliza watu wa kamati. Cha pili kilikuwa mji mkuu: mwaka mmoja, nusu ya ada, bweni la kuchangia. Cha tatu kilikuwa tawi dogo la mjini kwao, masomo ya jioni, maktaba yenye kabati mbili. Huko angebaki na mtoto. Walimpa siku kumi na tano ajibu. Alichora jedwali, akaandika muda, ada, walimu, umbali, na chini kabisa akaandika "mtoto". Safu hiyo ya mwisho hakuijaza.

Mama yake alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na minne. Aliliona jedwali mezani, akasema, "Na hiyo insha iliyowaliza watu, sisi wa nyumbani haturuhusiwi kulia?"

Muhuri akampa. Angewezaje kumnyima? Mama alivaa miwani, akaisoma kama alivyosahihisha madaftari, kidole chini ya mstari. Ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"'Gari lilicheleweshwa,'" akasoma kwa sauti. "'Kibali hakikutolewa. Muda ulipotezwa.'" Akavua miwani. "Mwanangu, zote hizi ni kauli ya kutendwa."

"Ndiyo, mama. Ndivyo wanavyoandika vyuoni."

"Najua. Mtenda yuko wapi?"

Chumba cha pili mtoto alikuwa anamwimbia mwanasesere.

"Muuguzi alinieleza siku ya tatu ya msiba," mama akasema. "Aliniambia nani alipokea simu."

"Miaka yote hii, mama! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshazika mmoja."

Mama akaikunja ile karatasi polepole. "Nilingoja useme mwenyewe. Sikujua utawaambia kwanza watu wa ng'ambo. Tena nusu."

Kesho yake Muhuri aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye karakana ya shemeji yake. Alimkuta ameinama juu ya geti, cheche zinaruka. Alimngoja amalize. Fundi alipoinua kinyago akamwona, alitabasamu, akamtafutia kigoda, na tabasamu lile ndilo lililokaribia kumrudisha Muhuri nyumbani. Alikaza roho akamwambia yote, kuanzia mlio wa simu.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mtu anayepima chuma.

"Dereva alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Mafuta?"

"Yalikuwemo."

"Ungemwambia nenda, angekwenda?"

"Angekwenda, shemeji."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. "Kila Jumapili nakuja kwenu," akasema, "na kila nikiondoka nakushukuru." Akashusha kinyago, ila moto hakuwasha. Muhuri aliona mabega yake yanatikisika. Akaondoka.

Jumapili fundi alikuja na begi tupu. Alimsalimu mama mkwe kwa heshima zote, akasema anamchukua mtoto akakae kwa dada yake, shangazi wa mtoto. Mama hakubisha. Alikunja magauni mwenyewe. Mlangoni fundi akamgeukia Muhuri. "Sikuchukii, shemeji. Lakini siwezi."

Mtoto alimshika Muhuri sketi. "Mama mkubwa, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosa."

Mtoto hakuelewa, na aliondoka bila kuelewa.

Zilibaki siku nne za kuvijibu vyuo. Muhuri aliiandika upya ile aya. "Mimi ndiye niliyelizuia gari. Dereva aliniuliza aende, nikamwambia asubiri." Aliituma kwenye vyuo vyote vitatu, akiwaeleza kwamba ya mwanzo haikuwa kamili na wakitaka kufuta nafasi yake wafute. Tawi la mjini lilimkumbusha tu tarehe ya mwisho ya ada. Chuo cha ng'ambo kilijibu siku ileile: nafasi iko palepale, insha sasa imewagusa zaidi, je, angekubali kuisoma jukwaani mbele ya wafadhili siku ya kufungua mwaka? Aliisoma barua hiyo mara tatu, na kila mara alimwona mdogo wake amesimamishwa mbele ya watu wanaopiga makofi.

Chuo cha mji mkuu hakikuandika. Mwalimu mmoja alipiga simu, sauti nzito ya mzee aliyewahi kuwa ofisa.

"Nimesoma yako. Huo waraka unao?"

"Ninao, mwalimu."

"Njoo nao."

Akakata. Muhuri akachagua hapo. La kumbakiza kwenye tawi dogo halikuwepo tena. Kitanda chake kilikuwa kipana mno.

Mwaka ule bwenini ulikuwa mrefu. Aliufuatilia waraka ofisi kwa ofisi mpaka akamjua aliyeuandika: karani kama yeye, aliyeambiwa azuie magari ya serikali yasipelekwe harusini, akauandika mchana mmoja kabla ya chakula. Magari ya wagonjwa hayakumjia akilini. Muhuri alikuwa amemtafuta mtu wa kumchukia kwa miaka, na alipompata hakuweza.

Alirudi na shahada yake, akaandika pendekezo kwamba gari la wagonjwa litoke kwanza, sahihi ifuate. Baraza lililikataa, likalirudisha, mwishowe likalipitisha. Leo dereva akipigiwa simu anaondoka. Muhuri huandika jina la mgonjwa baadaye, na huliandika lote.

Fundi wakikutana njiani humsalimu, humuuliza hali ya mama, hupita. Mtoto huletwa likizo, wiki mbili. Sasa ana miaka tisa, ana adabu za mgeni, huomba ruhusa kufungua kabati, na hulala kwa bibi yake. Likizo iliyopita, siku ya sita, alikuja jikoni Muhuri akiwa anaosha vyombo, akasimama mikono nyuma.

"Mama mkubwa, naweza kurudi nyumbani Ijumaa? Rafiki yangu anahama, nataka kumuaga."

"Ijumaa hii?"

"Ndiyo. Kama haitakusumbua."

"Haitanisumbua," Muhuri akasema, akakausha mikono, akaenda kumpangia begi.