Eliakim Mshana na Hesabu ya Wawelisi

Mwaka 1988, serikali ya Tanzania ilipoamua kuhesabu watu wake, Eliakim Mshana alikuwa karani wa sensa milimani Upare. Alirudi kutoka kazi hiyo akiwa na imani mbili: kwamba kila mtu anahesabika, ilimradi umkute nyumbani; na kwamba jina la ukoo ni kitambulisho tosha. Imani ya kwanza ilimpa shida mara kwa mara. Ya pili hakuna aliyewahi kuitilia shaka, kwa sababu Upare ukisema unaitwa Mshana, anayekusikiliza tayari anajua babu yako alilima upande gani wa mlima, mnaoana na akina nani, na ni shangazi yako yupi aliyekuwa mkorofi.

Kufikia 1994 alikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota huko Marekani, akisomea shahada ya pili ya takwimu. Siku za wiki alikaa darasani. Jumamosi alilisha uji wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee katika kitongoji cha New Hope, ambao kila mmoja alimwita kwa jina la mwanawe, naye aliitika yote. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kuvaa koti la baridi mpaka Mei. Wenzake walimcheka hadi mwaka ule theluji ilipoanguka Mei, na hapo walimchukia kidogo.

Jumapili alisali na Wakenya na Watanzania wenzake katika chumba cha chini cha kanisa la Wawelisi. Wawelisi ni watu wa nchi ndogo iliyobanana na Uingereza, yenye milima mingi na kondoo wengi. Baadhi yao walihamia Minnesota zamani, wakajenga kanisa la matofali, wakaimba humo kwa lugha yao mpaka watoto wao wakaisahau. Sasa ibada ya juu ilikuwa na wazee saba. Ibada ya chini ilijaa mpaka kwenye ngazi, na hawakutozwa chochote. Sharti lilikuwa moja tu: harufu ya vitunguu isipande juu kabla wazee hawajamaliza kusali. Serah, nesi kutoka Machakos aliyetawala jiko, alilivunja sharti hilo kila wiki. Wazee hawakulalamika. Walianza tu kushuka mmoja mmoja, wakisema wanakuja kuangalia boila, mtambo wa kupasha jengo joto, na kupanda tena na chapati.

Jumapili moja ya Agosti aliyeshuka alikuwa Mzee Davis, mwenyekiti wa baraza la kanisa, na hakuitazama boila wala chapati.

"Ofisi kuu ya dhehebu inataka kuliuza jengo," alisema. "Kuna mtu anataka kupafanya mahali pa kuegesha magari."

Mchungaji Zachariah, ambaye siku za wiki alifanya kazi hospitali na Jumapili alihubiri kana kwamba hakuwahi kuchoka, alikaa. "Wametupa muda gani?"

"Oktoba watamtuma mjumbe. Wanataka kuona kama kanisa linaweza kukua ndani ya jamii yake. Yaani Wawelisi." Mzee Davis alitazama dari, ambako juu yake Wawelisi wote aliowajua walikuwa wakivaa makoti. "Mimi sijui wengine wako wapi."

Kila mtu chumbani alielewa. Kabla ya hapa walikuwa wakisali katika gereji ya mwenzao Bravin kule Eagan, na Januari ile walipokea Meza ya Bwana wakiwa na glavu.

"Mimi gereji sirudi," Serah alisema. "Niliambia Mungu, na alisikia."

Ndipo Eliakim aliposafisha koo. "Mzee," alisema, "Wawelisi wanahesabika."

Na kweli walihesabika. Sensa ya Marekani ya mwaka 1990 iliwauliza baadhi ya watu asili ya mababu zao, na majedwali yake yalikuwa maktaba, yakimsubiri mtu wa aina ya Eliakim. Alikaa nayo wiki nzima kwa raha ambayo wengine huipata harusini. Kisha alitundika ramani ya Minneapolis na mji pacha wake pamoja na vitongoji vyao kwenye ukuta wa chumba cha chini, akachomeka pini za bluu kila penye Wawelisi. Burnsville ilifunikwa. Eagan haikuwa mbali. Hata New Hope ilikuwa na zake.

Mzee Davis alivaa miwani, akaitazama ramani muda mrefu, kisha akaivua ili aifute. "Sikujua tuko wengi hivi."

"Hata wao hawajui," alisema Serah.

Tatizo lilikuwa kwamba sensa husema wako wangapi, haisemi ni nani. Jibu la mtu ni siri, na Eliakim, aliyewahi kula kiapo cha siri hiyo mbele ya mkuu wa wilaya, aliiheshimu hata katika nchi ya watu. Lakini alikuwa na njia nyingine. Alimgeukia Mzee Davis.

"Mzee, koo zenu zinaitwaje?"

"Koo?"

"Majina ya ukoo."

"Aa. Davis, kwa mfano. Jones. Williams, Evans, Morgan. Hayo ndiyo majina ya Kiwelisi."

Kwa Mpare yeyote, hapo utafiti ulikuwa umekamilika. Eliakim alichukua kitabu cha simu, akatafuta akina Jones, Williams, Evans na Morgan wanaoishi penye pini za bluu, na Jumamosi iliyofuata akabadilishana zamu, akaingia kwenye gari la Serah. Walikwenda kuwaalika kwenye sikukuu ya kuimba iliyopangwa siku ya kuja kwa mjumbe, desturi ya Wawelisi ambayo watu hujaa kanisani na kuimba nyimbo za ibada kwa sauti nne mchana kutwa. Wazee saba hawakuwa wameifanya kwa miaka mingi. Sauti nne zilikuwa zimebaki mbili.

Burnsville walifungua mlango akina Evans, weupe kama maziwa. Walikaribishwa, wakapewa kahawa na biskuti, wakasikilizwa kwa vichwa vilivyokuwa vikiitika muda wote.

"Inapendeza sana," alisema Bi. Evans. "Itabidi tuangalie."

Kwenye gari Eliakim aliandika: watakuja.

"Wewe, huyo amekataa," alisema Serah.

"Amesema ataangalia."

"Ataangalia dirishani kama tumeondoka. Mimi nimeishi na hawa watu. Hapa hakuna mtu husema hapana. Ukimuuliza kama nyumba yake inaungua, atakwambia ni joto kidogo."

Waliangaliwa hivyo nyumba baada ya nyumba. Jioni Serah aliamua ku-drive hadi New Hope, wamalizie huko. Eliakim alibisha hodi kwenye fleti ya ghorofa ya pili. Mlango ulifunguliwa na mwanamume mweusi mkubwa, amevaa sare ya udereva wa basi, kijiko mkononi.

Eliakim alitazama karatasi yake, akatazama namba ya mlango. "Samahani. Namtafuta Bwana Williams."

"Umempata."

Karani wa sensa hafundishwi kushangaa. Anafundishwa kuendelea na swali linalofuata. "Bwana Williams," alisema Eliakim, "tunatoka kanisa la Wawelisi. Tumekuja kukualika nyumbani kwa mababu zako."

Bwana Williams alimtazama Mpare huyu wa koti la baridi, Septemba, na msichana wa Kikamba nyuma yake aliyekuwa ameuma midomo.

"Nani kasema mimi ni Mwelisi?"

"Takwimu."

Bwana Williams aligeuza kichwa ndani ya nyumba. "Loretta! Njoo usikie. Serikali imegundua sisi ni nani!"

Loretta alikuja akijifuta mikono, akaelezwa upya. "Na sisi tukija huko kwa mababu," aliuliza, "tutafanya nini?"

"Mtaimba," Eliakim alisema.

"Na kula," alisema Serah kwa haraka. "Pilau, chapati, kuku. Mimi ndiye napika."

"Basi mimi ni Mwelisi," alisema Bwana Williams.

Jones wa ghorofa ya chini alikuwa mweusi. Jones wa jengo la jirani naye vilevile, na shemeji yake aliyeitwa Morgan. Waliporudi kwenye gari, Eliakim aliisoma karatasi yake mpaka taa ya pili ya barabarani.

"Kuna kasoro katika sampuli," alisema.

Serah alicheka mpaka akalazimika ku-park. Alipomaliza kufuta macho akamkuta mwenzake bado anaisoma karatasi.

"Lakini haya ni majina ya Wawelisi, dada Serah. Mzee Davis mwenyewe ametaja. Hawa wameyapataje?"

"Eliakim. Wewe uko masters. Unafikiri walipanda zile meli wakiitwa Jones?"

Eliakim alikuwa amesoma habari za utumwa shuleni na kuzipasi vizuri. Hakuwahi kufikiri kwamba angezikuta katika kitabu cha simu. Aliikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni.

"Basi turudi tukawaambie tumekosea," alisema hatimaye.

"Tukawaambie nini? Umemwalika mtu chakula mbele ya bibi yake, halafu urudi kumwambia umekosea ukoo? Nyumbani kwenu mnafanya hivyo?"

Nyumbani kwao hawakufanya hivyo. Serah aliwasha gari.

Siku ya sikukuu mjumbe wa ofisi kuu alifika mapema: mtu mrefu wa asili ya Norwei, mwenye adabu inayotisha, akakaa benchi la nyuma. Mbele waliketi wazee saba. Muda ulikwenda. Kutoka Burnsville hakuja mtu. Kutoka Eagan hakuja mtu. Mzee Davis aliutazama mlango kama abiria anayetazama njia ambayo basi lilishapita.

Kisha akaingia Bwana Williams, kavaa suti, Loretta amevaa kofia ya kimo cha kuheshimika, na nyuma yao akina Jones wote, Morgan na wakwe zake, na majirani ambao majina yao hakuna aliyethubutu kuuliza. Mchungaji Zachariah naye akaipandisha ibada ya chini juu. Mabenchi yalilia kama vitu vilivyokuwa vimesahau kazi yake.

Mzee Davis, kwa kuwa alikuwa ameinua mikono ya kuongozea wimbo na hakujua pengine pa kuipeleka, akaongoza. Wawelisi waliimba Kiwelisi walichokumbuka, Waswahili wakaimba nyimbo zilezile kwa Kiswahili kama walivyofundishwa na bibi zao, na akina Jones wakaimba Kiingereza, wakichelewa kidogo kwa makusudi katika kila mstari na kuupendezesha. Sauti nzito ya besi ya Bwana Williams ilipoingia, mama mmoja katika wale saba aligeuka mzimamzima kuitafuta inatoka wapi.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, mjumbe alisimama. Uso ulikuwa umemwiva.

"Imependeza sana," alisema. "Ofisi ingependa tu kufahamu... kwa jinsi yoyote ile... miongoni mwa waliohudhuria... jamii inayohusika..." Aliwatazama akina Jones, akatazama viatu vyake. Mtu wa Minnesota anaweza kuliuza kanisa, lakini hawezi kusimama mbele ya umati akamuuliza mtu mweusi aitwaye Jones kama kweli ni Mwelisi. "Labda yule mtaalamu wa takwimu niliyeambiwa atusaidie."

Eliakim alisimama. Serah alilishika koti lake kwa nyuma. "Sema majina tu," alinong'ona. "Majina ni ya kweli. Kaa chini."

Ilikuwa kweli. Angesema kwamba nusu ya kanisa ilikuwa na majina ya Kiwelisi, asingekuwa amedanganya, na ile gereji ingebaki Eagan. Aliiwaza gereji. Aliiona pumzi ya watu ikitoka kama moshi wakati wa sala. Lakini alikuwa ameapishwa mara moja maishani, na kiapo kile kilikuwa kimemkaa vibaya, kama mfupa wa samaki.

"Wenye majina ya Kiwelisi ni wengi," alisema. "Wenye asili ya Welisi ni saba, wale pale mbele. Kosa ni langu. Nilidhani jina linatosha."

Koti liliachiwa. Mchungaji Zachariah alifumba macho, na haikujulikana kama anaomba au anapiga hesabu ya glavu.

Bwana Williams akainuka polepole, kama mtu asiyetaka kuvunja benchi.

"Mimi nina swali dogo," alisema. "Babu wa babu yangu hakuwa na jina la ukoo mpaka aliponunuliwa na bwana mmoja aitwaye Williams. Kama huyo bwana aliona tunafaa kulibeba jina lake, sioni kwa nini tusifae kukaa kwenye benchi lake." Aliwatazama wazee saba, bila ukali. "Halafu niliahidiwa kuku."

Mjumbe alifungua kinywa. "Hilo," alisema, "ni jambo la tofauti." Hilo ndilo neno zito kuliko yote ambalo mtu wa Minnesota anaweza kulitamka kanisani. Alishuka chini na wengine, akala, akaongezewa, akaondoka.

Kanisa halikuuzwa. Barua ya ofisi ilisema suala linahitaji kuchunguzwa zaidi. Baadaye ilisikika kwamba barua ya kuuza ililazimika kueleza sababu, ikapitishwa meza hadi meza, na kila aliyepewa kuiandika akakumbuka kwamba ana likizo.

Eliakim alitoa pini zote ukutani. Jumapili iliyofuata Bwana Williams na Loretta walikuja tena, ibada ya juu, wakaketi bila kujua kwenye benchi ambalo mjane mmoja wa Kiwelisi alilikalia peke yake tangu mumewe afariki. Mjane alisimama kando akisubiri waligundue kosa, na hawakuligundua. Mwishowe akakaa pembeni yao, akafungua kitabu cha nyimbo, akakisogeza katikati.

Mzee Davis alimwita Eliakim ngazini. Ofisi ilitaka idadi ya washiriki kila mwezi, alisema, na kazi hiyo ni yake.

"Niwahesabu kwa asili?" aliuliza Eliakim, kwa tahadhari.

"Wahesabu kwa sauti," alisema Mzee Davis. "Anza na besi."