Kioo Kisichofutwa

Katika kituo cha darubini kilichokuwa juu ya kilima walifanya kazi watu wawili wenye macho makali. Mmoja alikuwa Daktari, msomi wa nyota, aliyeweza kukuonyesha galaksi pale ambapo wewe unaona giza tupu. Wa pili alikuwa mfanya usafi, na yeye aliliona vumbi hata kabla halijatua. Walimwita Mama Kitambaa, wala hakukasirika, maana kitambaa hakikumtoka begani hata siku za harusi.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefuta kila kitu humo ndani: ngazi, meza, vitasa, hata kompyuta, mpaka herufi za kibodi zikafutika na wasomi wakawa wanaandika kwa kubahatisha. Ni kitu kimoja tu alichokatazwa, nacho ndicho kilichokuwa kichafu kuliko vyote. Kilikuwa kioo kikubwa cha darubini, kipana kama kitanda cha watu wawili, kilicholala chini kabisa ya mtambo kikikusanya mwanga wa nyota na vumbi la dunia kwa pamoja. Kando yake palibandikwa maandishi mekundu: USIGUSE.

Mama Kitambaa angeendelea kuvumilia kama si siku ya wageni. Wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke anayepitisha kidole juu ya kabati la mtu kabla hajasalimia, alipanda kilimani, akachungulia kioo, akatabasamu.

"Wifi," akasema, "kumbe kazi yenyewe ndiyo hii?"

Kufika jioni ukoo mzima ulikuwa na habari. Mama Kitambaa aliumia sana. Ilibaki miezi miwili astaafu. Akaapa hatoki pale kabla hajakisafisha kile kioo.

Asubuhi akamfuata Daktari.

"Haiwezekani, Mama," Daktari akasema. "Vumbi linatuibia mwanga kidogo tu. Kitambaa kinakwaruza, na mkwaruzo hautoki maisha."

"Mwanga wenyewe unatoka wapi?"

"Huu wa juzi ulitoka galaksi ya Andromeda. Umesafiri miaka milioni mbili na nusu."

Mama Kitambaa akashika kiuno. "Mgeni atembee miaka milioni mbili na nusu, hajapumzika popote, halafu akifika mlangoni kwetu apokewe na vumbi? Mwanangu, wewe ulilelewa na nani?"

Daktari, mwenye shahada tatu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Wiki iliyofuata alikuja mbio ameshika picha, shati limechomekwa upande mmoja. Kwenye kona ya picha palikuwa na pete hafifu.

"Nyota kongwe ikichoka hupumua gesi zake nje, zikaizunguka hivi," alieleza. "Hii haimo kwenye orodha yoyote! Leo hii natangaza."

Mama Kitambaa akaisogeza picha karibu na pua. Kisha akafungua kabati lake la sabuni. Rafu zote alikuwa amezitandika picha zilizotupwa na wasomi, kila moja ya upande wake wa anga. Akatoa tatu za mwezi ule. Pete ilikuwepo kwenye zote, kona ileile.

"Nyota zinabadilika, hii imekaa tu," akasema. "Kitu cha mbinguni hakikufuati kila unakogeukia. Hili ni vumbi, mwanangu. Vumbi nalijua mimi."

"Kwenye kidirisha cha kamera," Daktari akanong'ona. "Punje moja, kivuli chake kimetanuka kikawa pete." Akakaa juu ya ndoo, akasahau kwamba haikuwa na mfuniko. "Nusura niitangazie dunia nzima vumbi."

"Basi inuka, unipe kioo changu."

Kumbe kioo huoshwa, kila baada ya miaka kadhaa, na zamu ilikuwa imefika. Hakuna aliyejisumbua kumwambia. Daktari akamfundisha: maji safi yatangulie yabebe chembe, kisha pamba ivutwe juu ya kioo kwa uzito wake yenyewe. "Usikandamize," alimwambia. Mama Kitambaa alikuwa amekandamiza vitu tangu usichana wake. Siku ile alivua viatu, akaweka kando kitambaa cha begani, akavuta pamba taratibu kama anayemfuta uso mtoto mchanga, asubuhi nzima, pumzi ameibana. Kioo kilipokauka akauona uso wake humo, mkubwa mno, unalia. Alifurahi kuliko siku ya ndoa yake, na hilo mumewe alilijua kwa sababu alimwambia.

Siku yake ya mwisho kazini ilikuwa siku ya wageni. Wifi alikuwa wa kwanza kufika. Akakizunguka kioo, akachungulia, hakuona hata chembe ya vumbi. Akainama zaidi. Mazoea yakamzidi nguvu, akanyoosha kidole.

"USIGUSE!"

Sauti ya Mama Kitambaa iligonga paa ikarudi. Daktari akaangusha kikombe. Wifi akaukumbatia mkono wake kama aliyeungua.

Mama Kitambaa akamsogeza kando kwa upole. "Hapa tunapokea wageni wanaotoka mbali, wifi," akasema. "Nenda kanawe kwanza."