Kiti cha Dirishani

Kwa miaka kumi na mitatu kiti cha dirishani kilikuwa cha Inasio. Maabara ya hospitali ile mjini Mtwara ilikuwa na darubini moja tu, ya kioo cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo aliyekaa dirishani ndiye aliyeona. Inasio alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa kijana, akaanza kazi kwa kufagia, akajifunza darubini kwa kusimama nyuma ya wenzake. Mdudu wa malaria alimtambua kama mtu anavyomtambua mwanawe kwenye msongamano wa soko la Chikongola. Cheti hakuwa nacho. Jicho alikuwa nalo, na alihakikisha kila mtu anajua.

Kisha akaja Sharifa, miaka ishirini na mitatu, na cheti chake cha Dar es Salaam. Akapewa kiti.

"Shikamoo, mzee Inasio," alimwamkia kila asubuhi, huku akikaa.

"Marahaba, binti." Ilimtoka kwa shida. Mzee! Na miaka yake arobaini na miwili! Hata kanga ya binti wa watu ilimchoma. Iliandikwa *Mwenye wivu ajinyonge*, na Inasio aliapa kwamba ilinunuliwa kwa ajili yake.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," alimlalamikia mkewe nyumbani, Magomeni ya hapohapo Mtwara. "Huyu kaja, mimi ndiyo kwanza naugua."

"Unaugua kijicho, baba Pedro," mkewe akacheka. "Hakina sindano."

Mwaka huo, watu wakiwa wameshahamia vijiji vya ujamaa, aliletwa Albertina kutoka kijiji kimoja karibu na mto. Alikuwa amejifungua salama, kisha mguu wa kushoto ukavimba, kwani damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Daktari akaanza kumchoma heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Lakini alikuwa amesoma kwamba kwa watu wachache dawa hiyo hugeuka adui. Huzimaliza zile chembe ndogo za kugandishia damu, na ajabu yake, damu huzidi kuganda, mgonjwa akapoteza mguu au maisha. Akataka chembe zihesabiwe kila baada ya siku mbili. Kazi akampa Sharifa.

Hesabu ya kwanza ilikuwa laki mbili na elfu kumi. Siku ya saba, elfu sitini.

"Una uhakika?" daktari aliuliza. "Nikiiacha hii dawa, sina nyingine."

Inasio akaona mlango umefunguka. "Daktari, damu ikicheleweshwa, chembe hushikana mafungu, hesabu ikashuka. Vijana hawana mkono mwepesi. Niachie mimi."

"Niliichanganya damu palepale kitandani, mzee," Sharifa alisema.

"Tutaona."

"Rudia, ndugu Inasio," daktari akaamua. "Sindano inayofuata ni saa sita."

Inasio akaenda kumtoa Albertina damu. Maji ya kuchanganyia ya Sharifa, aliyoyachuja kwa karatasi kila asubuhi, hakuyagusa. Alitoa chupa yake mwenyewe nyuma ya kabati, akachanganya, akajaza kioo cha miraba ya kuhesabia, akakifunika pamoja na pamba yenye maji ili kisikauke, akasubiri dakika ishirini chembe zitue. Kisha akakaa dirishani. Raha iliyoje! Vinukta viling'aa, akavihesabu mraba kwa mraba, na kila kinukta kilikuwa kofi kwa Sharifa. Laki moja na elfu themanini. Daktari akashusha pumzi, akarudi wodini.

Sharifa aliitazama chupa. "Mzee, haya maji uliyachuja lini?"

"Nimeyatumia wewe hujajua kusoma."

Sharifa akatoka, lakini swali likabaki. Ili apate la kumjibu, Inasio akajaza kioo kwa maji ya chupa yake matupu, bila tone la damu, akasubiri, akachungulia. Vinukta vilevile, viking'aa vilevile.

Alikuwa amehesabu vumbi.

Tusimsingizie wema: hakumfikiria Albertina kwanza. Alifikiri kioo kinaosheka. Alifikiri Sharifa akijua, kiti kimekwenda moja kwa moja. Ndipo akasikia kitoroli cha sindano kikilia kwenye korido, akatoka mbio.

Albertina alikuwa akinyonyesha. Sharifa alisimama ukutani. Daktari alikuwa ameshika bomba la sindano, limejaa.

"Usichome!" Inasio alihema mbele ya wodi nzima. "Nimehesabu vumbi. Hesabu ya Sharifa ndiyo."

Dawa ikasimamishwa. Baada ya siku chache chembe zikaanza kupanda, na mguu, polepole, ukapungua. Sharifa alihesabu, Inasio akarudia, kwa maji aliyoyachuja mwenyewe. Wivu haukumtoka. Alimwona Sharifa akiandika jina lake chini ya majibu, roho ikamwuma kama jana.

Siku ya kuruhusiwa, Albertina alipita maabara akichechemea, mtoto mgongoni. Akamshika Inasio mikono yote miwili. "Ahsante, baba. Wewe ndiye uliyekimbia. Umeniponya."

Sharifa akainamia darubini, ingawa chini yake hapakuwa na kioo. Inasio aliuona uso ule. Aliujua vizuri, yeye mwenyewe alikuwa ameuvaa tangu binti huyu alipofika. Alikuwa ameiota siku kama hii, kusifiwa mbele yake, na sasa imefika haina utamu.

"Mshukuru huyo aliyekaa dirishani," akasema. "Mimi nilitaka kukuua."