Maji ya Kijani Kwenye Vizimba vya Baba

Katika ukoo wetu mtu hurithi kushuku kama anavyorithi pua. Mimi hunusa maziwa kabla ya kumimina, hata yakitoka mikononi mwa dada yangu. Baba yangu hufunga mlango, kisha hurudi kuusukuma kuona kama amejidanganya. Kwa hiyo alipostaafu ualimu pale Kamachumu na kuamua kufuga sato ziwani, hakuweka vizimba vyake kwenye kina kirefu kama wenzake. Aliviweka kwenye kighuba kilichotulia, karibu na nchi kavu, ili akikaa ufukweni na redio yake avione vyote. Rafiki yake wa tangu ujana alimshauri avipeleke nje, nyuma ya mwamba, jirani na vya kwake, kwenye upepo.

"Anataka vikae nisipoviona," baba aliniambia. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Rafiki huyo ndiye aliyechimba kaburi la mama, mvua ikimnyeshea. Hata hivyo sikumtetea. Nilijiuliza nami upepo unamsaidia nini samaki.

Masika yalipokolea, maji ya mvua yaliteremsha udongo wa mashambani hadi ziwani. Kighuba kikawa cha kijani, kizito, utadhani mtu amemwaga rangi ya mlango. Kisha mawingu yakatanda siku kadhaa. Asubuhi moja baba alinipigia simu, akaniita upesi, nikapanda gari kutoka Kashai ninakoishi. Nilikuta sato wote wanaelea, matumbo juu, na harufu iliyonikaa kooni. Samaki wa rafiki yake walikuwa wazima.

"Sumu," baba alisema.

Nikaamini pale pale. Ziwa ni moja, chakula cha samaki walinunua duka moja. Wa huyu wafe, wa yule wacheze?

Jumapili, watu walipotoka ibadani, baba alisimama mlangoni mwa kanisa akasema kwa sauti ya darasani: "Aliyeniulia samaki tumeimba naye leo." Akamtazama rafiki yake. Kila mtu akamtazama. Yule mzee alivaa kofia yake, akaondoka.

Afisa uvuvi alikuja siku chache baadaye, binti mpole mwenye buti za mpira. Alichota maji kwenye chupa, akatuambia ule ukijani ni mwani, mimea midogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuona mmoja mmoja.

"Mmea gani huo usio na jani wala mzizi?" baba aliuliza.

"Ndio unaolisha ziwa zima, mzee. Vidudu hula mwani, dagaa hula vidudu, sangara hula dagaa. Na mwani wa bahari na maziwa ndio unaotoa karibu nusu ya hewa safi tunayovuta."

Baba alinikonyeza. Nusu ya hewa! Nami nikamwona binti anatupiga fiksi.

"Mchana, penye jua, unatoa hewa," aliendelea. "Usiku nao unaivuta. Ukizidi mno na jua likakosekana, unakufa na kuoza, na kuoza kunaimaliza hewa majini. Samaki aliye huru anakimbia. Wenu mliwafungia mahali upepo haukorogi maji. Wamekosa pumzi."

Baba alisema amehongwa. Mimi sikumwamini binti, ila sikumwamini na baba, ndiyo faida ya kushuku kila mtu. Nikajaza gudulia la kioo maji yale ya kijani, nikaenda nayo chumbani kwangu Kashai, nikayaweka dirishani. Juani yalitoa viputo vidogo. Nikayahamishia kabatini, gizani. Nilipofungua baada ya siku kadhaa yalikuwa ya kahawia, na harufu iliyotoka ilikuwa ile ile ya ufukweni. Hakukuwa na sumu. Nilimpelekea baba gudulia. Alinusa, akalifunika, akavaa viatu.

"Twende kwa yule mzee," akasema.

Tulipokelewa vizuri. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, baba akaomba radhi kwa maneno machache, akiangalia miguu yake. Mama wa nyumba akaleta kikapu cha kahawa za kutafuna. Kwetu mwenyeji hutangulia kutafuna, mgeni aone hakuna ubaya ndani yake. Wazee hawa wawili walikuwa wameacha utaratibu huo tangu ujana. Kila mmoja alichota tu, wakiendelea na mazungumzo.

Siku ile mwenyeji alichagua kahawa moja, akaitafuna taratibu, akameza, akafungua kinywa baba aone. Kisha akamsogezea kikapu.

"Karibu, waitu," alisema kwa upole, kwa neno letu la heshima. "Nimeshaanza mimi."

Niliona aibu ya kutaka kukimbia. Baba alichukua moja, akaitia kinywani. Alitafuna muda mrefu, na haikushuka.